Trekta au 'ziro-teni'? Kabla ya kununua mashine ya nyasi, mfikirie mtoto kwanza

Kila ifikapo Aprili, nyasi za Marekani huamka. Theluji imeyeyuka, mvua inanyesha, jua linachelewa kuzama, na ndani ya wiki mbili uwanja uliokuwa wa kahawia unakuwa kijani unaofika magotini.

Kwa familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, zilizohamia miji kama Louisville, Des Moines au Minneapolis kutoka Congo, Burundi, Kenya na Tanzania, hili ni jambo jipya. Wakiwa kwenye nyumba ya kupanga ghorofani, nyasi zilikuwa kazi ya mwenye jengo. Wakinunua nyumba yao nje kidogo ya mji, penye nusu ekari au ekari nzima, nyasi zinakuwa kazi yao. Miji mingi ina sheria ya urefu wa nyasi, mara nyingi inchi 8 hadi 12, na anayeipuuza hupelekewa barua, kisha faini.

Mashine ndogo ya kusukuma kwa mkono hutosha kwa uwanja mdogo. Kwa ekari nzima humchosha mtu hadi mgongo ukagoma. Ndipo mazungumzo ya mashine ya kupanda yanapoanza, na dukani mteja hukutana na aina mbili: trekta ndogo ya bustani, au ile mashine inayogeuka papo hapo ambayo Wamarekani huiita 'ziro-teni'.

Muuzaji atazungumzia kasi, upana na bei. Hayo yote yana maana. Lakini kwenye nyumba yenye watoto kuna swali linalotangulia: ni mashine ipi, kwenye uwanja huu wenye umbo hili, itamwacha kila mtoto na miguu yake miwili?

Zinatofautiana vipi?

Trekta ya bustani ni mdogo wake trekta la shamba. Ina usukani, pedali na injini mbele ya dereva, na visu vimefunikwa na kava la chuma chini ya tumbo lake, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Anayejua kuendesha gari huizoea ndani ya dakika chache. Si mashine ngeni: kampuni ya John Deere ilitoa trekta yake ya kwanza ya bustani, modeli 110, mwaka 1963.

Ziro-teni ilizaliwa miaka hiyohiyo ya 1960, kwenye majimbo ya Missouri na Kansas. Haina usukani wa kawaida. Nyingi zina leva mbili, moja kwa kila mkono. Leva ya kushoto huongoza gurudumu la nyuma la kushoto, ya kulia huongoza la kulia. Ukisukuma zote sawa, mashine huenda mbele. Ukisukuma moja na kuvuta nyingine, gurudumu moja linakwenda mbele na jingine linarudi nyuma, na mashine inazunguka palepale ilipo. Magurudumu yake ya mbele hayaongozwi na kitu. Yanafuata tu, kama yale ya kiti cha ofisini.

Tofauti hiyo ya magurudumu ndiyo chanzo cha sifa zote za ziro-teni, na pia cha hatari zake.

Hesabu ya muda

Uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68 una mita za mraba 7,140, karibu ekari 1 na robo tatu. Chukua trekta yenye upana wa kukata wa inchi 42, yaani mita 1.07, ikienda kilomita 7 kwa saa. Ukitoa muda wa kugeuka na sehemu inayopitiwa mara mbili, tuseme moja ya tano, kazi itachukua kama saa 1 na dakika 10.

Chukua sasa ziro-teni ya inchi 52, yaani mita 1.32, ikienda kilomita 12 kwa saa. Kwa hesabu hiyohiyo, itamaliza ndani ya dakika 35 hivi.

Penye miti mingi, maua na bembea za watoto, pengo huongezeka. Trekta ikizunguka mti huacha duara la nyasi lisilokatwa, mara nyingi la karibu nusu mita kila upande, linalobidi kurudiwa kwa mashine ndogo ya mkono. Ziro-teni hupita ikiwa imegusana na shina.

Kwa bei, trekta za kawaida za nyumbani huuzwa kuanzia takriban dola 2,000. Ziro-teni za nyumbani mara nyingi huanzia dola 3,000 kwenda juu, na zile za makampuni ya kazi hii hufika dola 10,000 na zaidi. Ila trekta hufanya na kazi nyingine: huvuta tela la majani au mbolea, na kwenye majimbo ya baridi hufungwa kifaa cha kusukuma theluji. Ziro-teni imeumbwa kwa ajili ya kukata nyasi, na hapo ndipo sifa yake inapoishia.

Uwanja ukiwa mpana, tambarare na wenye miti mingi, ziro-teni inashinda. Lakini si kila uwanja ni tambarare.

Mteremko haudanganyiki

Kwenye trekta, magurudumu ya mbele yanaongozwa na usukani. Hata yale ya nyuma yakiteleza kidogo, dereva bado ana kitu cha kuelekeza.

Kwenye ziro-teni, magurudumu mawili ya nyuma ndiyo yanayosukuma, ndiyo yanayogeuza na ndiyo yanayosimamisha. Yakikosa mshiko kwenye nyasi zenye umande, dereva hupoteza vyote vitatu kwa mara moja. Mashine itateremka inakotaka yenyewe, na mara nyingi chini ya mteremko ndipo penye mtaro, bwawa au ukuta wa mawe.

Vitabu vya maelekezo vya mashine nyingi hutaja nyuzi 15 kuwa kikomo cha mteremko. Ni mteremko ambao kila mita 1 ya kwenda mbele, ardhi inapanda karibu sentimita 27. Huhitaji kifaa cha kitaalamu kuupima: ubao ulionyooka wa mita 1, pima maji na futi ya fundi vinatosha. Shika ubao ukiwa sawa, ncha moja ikigusa ardhi upande wa juu, kisha pima kutoka ncha ya pili hadi chini. Ikizidi sentimita 27, hapo si mahali pa mashine ya kupanda, iwe ya aina gani. Tumia ya kusukuma kwa mkono, au panda miti na maua yasiyohitaji kukatwa.

Hata trekta si salama kila mteremko. Hupandishwa na kuteremshwa kwa kunyooka, haipitishwi kwa ubavu, maana ikiegemea upande mmoja inaweza kupinduka. Ziro-teni nyingi zina upinde wa chuma nyuma ya kiti wa kumkinga dereva mashine ikipinduka. Upinde ukiwa umesimamishwa, mkanda hufungwa. Ukiwa umelazwa ili kupita chini ya matawi, mkanda haufungwi, kwa sababu mashine ikipinduka mkanda utamfunga dereva chini yake.

Wazee walisema mwenda pole hajikwai. Kwenye kilima chenye umande, asubuhi ya Jumamosi, hekima hiyo inafaa kubandikwa kwenye usukani.

Hatari inayotokea nyuma

Kwa wazazi, kubwa zaidi si mteremko. Ni kurudi nyuma.

Watafiti wa hospitali ya Nationwide Children's ya Columbus, Ohio, walipitia takwimu za Marekani za kuanzia 1990 hadi 2014. Walikadiria kuwa zaidi ya watoto 200,000 walio chini ya miaka 18 walitibiwa kwenye vyumba vya dharura kwa majeraha ya mashine za kukata nyasi katika kipindi hicho. Ni wastani wa zaidi ya watoto 8,000 kila mwaka. Majeraha ya kukatwa yaliongoza, yakifuatiwa na kuungua.

Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha pia kuwa watoto walio chini ya miaka 5 ndio walioelekea zaidi kuumizwa na mashine inayorudi nyuma, au kuungua kwa kugusa chuma cha moto. Wakubwa zaidi waliumizwa zaidi na visu na vitu vilivyorushwa.

Sababu inaeleweka. Dereva anatazama mbele. Injini inanguruma, hivyo hasikii sauti ya mtoto. Mtoto wa miaka mitatu akisimama nyuma ya kiti haonekani kabisa. Na chini ya kava, visu vinazunguka kwa kasi ya kutisha: kiwango kinachofuatwa na viwanda vya Marekani huruhusu ncha ya kisu kufika futi 19,000 kwa dakika, sawa na karibu kilomita 350 kwa saa. Kasi hiyo haimwachi mtu na jeraha dogo. Madaktari wa upasuaji hupokea nyayo zilizokatika, vidole vilivyosagika, na vidonda vilivyojaa udongo na majani ambavyo huhitaji kusafishwa chumba cha upasuaji mara kadhaa.

Trekta nyingi za sasa zina kinga: dereva akirudi nyuma huku visu vikizunguka, injini au visu huzimika, isipokuwa abonyeze kitufe maalumu cha kuruhusu. Ni kinga nzuri, ila wapo wanaokichukia kitufe hicho na kutafuta fundi wa kuiondoa. Kwenye nyumba yenye watoto, kufanya hivyo ni kutafuta msiba kwa mikono yako.

Usichukulie kwamba kila mashine ina kinga hiyo. Uliza dukani, hasa kwa ziro-teni, ambayo kurudi nyuma ni sehemu ya kugeuka kwake. Mtu anayezunguka mti kwa leva mbili anaweza kurudi nyuma mara kumi bila kuhesabu. Wepesi uleule unaomfurahisha dereva unampunguzia mtoto muda wa kukimbia.

Kumpakata mtoto

Lipo jambo linalofanyika kwa mapenzi kabisa: baba kumpakata mtoto kwenye mashine. Mtoto anacheka, mama anapiga picha, picha inatumwa kwa bibi Kigoma au Mombasa.

Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kinakataza hilo bila kubakiza mlango. Mashine ya nyasi ina kiti cha mtu mmoja. Ikipita kwenye shimo au kisiki, mtoto huchomoka mapajani na kuangukia mbele au pembeni, karibu na visu.

Lakini madhara makubwa huja siku nyingine. Mtoto aliyewahi kupakatwa hujifunza kuwa ile mashine ni mchezo. Siku baba anakata nyasi peke yake, mtoto husikia muungurumo, hufungua mlango wa nyuma na kukimbilia anakosikia sauti, akitaka naye apandishwe. Anatokea nyuma ya mashine, mahali dereva hatazami. Asiyewahi kupakatwa hana sababu ya kuikimbilia.

Ushauri wa madaktari hao kuhusu umri ni rahisi kukumbuka:

- Chini ya miaka 6: mtoto akae ndani ya nyumba muda wote nyasi zinapokatwa, na awepo mtu mzima wa kumwangalia.
- Miaka 12: umri wa chini kabisa wa kutumia mashine ya kusukuma kwa mkono.
- Miaka 16: umri wa chini kabisa wa kuendesha mashine ya kupanda, iwe trekta au ziro-teni.

Kanuni ya mwisho huwapa wazazi shida. Vijana wa Marekani wana desturi ya kukata nyasi za majirani wakati wa likizo ili wapate fedha, na kijana wa miaka 13 aliyeona wenzake wakipata dola zao naye atataka. Anaweza kuanza na mashine ya kusukuma, kwenye uwanja tambarare, akiwa amefundishwa na kusimamiwa. Ya kupanda isubiri, hata kama ameshakuwa mrefu kuliko baba yake. Urefu si ukomavu.

Masikio na macho

Jeraha jingine halitoi damu. Mashine nyingi za kupanda za petroli humpigia dereva kelele ya karibu desibeli 90. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka desibeli 3, muda salama unapungua kwa nusu. Kwenye desibeli 91, ni saa 2 tu.

Anayekata uwanja wake mara moja kwa wiki atatosheka na vifunika masikio vya bei ndogo. Anayefanya kibarua cha kukata nyasi siku nzima bila vifunika masikio anapoteza usikivu kidogokidogo, na ukishapotea haurudi. Visikilizio vya simu vyenye muziki si kinga; mara nyingi mtu huongeza sauti ili ashinde injini.

Kwa macho, vaa miwani ya kinga. Kwa miguu, viatu vilivyofunika vidole. Si ndala, hata kama ni joto la Julai.

Ununue ipi?

Kama uwanja haufiki nusu ekari, huenda huhitaji yoyote kati ya hizi mbili. Mashine ya kusukuma inatosha, na ina faida moja kubwa: kwa mujibu wa kanuni za Marekani, visu vyake lazima visimame ndani ya sekunde 3 mtu akiachia mpini.

Kama una ekari moja au zaidi, tambarare, yenye miti mingi, na anayeendesha ni mtu mzima aliyejifunza vizuri, ziro-teni itakuokolea muda mwingi. Jifunze kwanza mahali pa wazi, visu vikiwa vimezimwa, mpaka mikono izoee leva.

Kama uwanja una mteremko, unapakana na bwawa au mtaro, au waendeshaji ni zaidi ya mmoja na baadhi hawana uzoefu, trekta ni chaguo la utulivu zaidi. Nusu saa utakayoipoteza kila wiki ni bei ndogo.

Kwa shule na hoteli za Afrika Mashariki zinazotaka kuachana na fyekeo, swali la vipuri nalo lina uzito. Kabla ya kuagiza ziro-teni, jua ni fundi gani wa karibu anayeifahamu mifumo yake miwili ya haidroliki. Na iwe mashine yoyote, ratiba ya kukata isigongane na mapumziko ya wanafunzi. Uwanja ukatwe watoto wakiwa darasani au wameshakwenda nyumbani.

Siku ya kukata

Mambo haya hayahitaji fedha:

- Pita uwanjani kwa miguu kwanza. Okota mawe, waya, mifupa ya mbwa na vidude vya watoto. Kisu hugeuza jiwe kuwa risasi.
- Hesabu watoto kwa macho, si kwa kudhani. Jua kila mmoja yuko wapi na nani anamwangalia.
- Kata kwa kwenda mbele. Ukilazimika kurudi nyuma, zima visu, geuza kichwa, tazama chini na nyuma, ndipo urudi.
- Ukimwona mtoto ametokea, zima visu na injini papo hapo. Usimpungie mkono aondoke. Anaweza kudhani unamwita.
- Usiongeze petroli injini ikiwa ya moto, wala usiiwashe mashine ndani ya banda lililofungwa. Moshi wake una sumu isiyo na harufu.
- Ukimaliza, toa ufunguo. Usiuache kwenye mashine hata kwa dakika ya kwenda kunywa maji.

Ajali ikitokea

Zima mashine kabla ya kumgusa mtoto. Mwite mtu apige simu ya dharura. Marekani ni 911. Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kufunguafungua kutazama. Damu ya mguu au mkono ikiendelea kuruka, funga kwa kukaza juu ya jeraha, upande wa kiwiliwili, kwa kifaa maalumu au kitambaa kipana kilichozungushiwa kijiti, na kumbuka saa uliyofunga.

Kidole au sehemu ya mguu ikikatika, itafute. Ifunge kwenye kitambaa safi chenye unyevu, iweke ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, kisha uweke mfuko huo juu ya barafu. Isiguse barafu moja kwa moja, wala isizamishwe kwenye maji. Iende hospitali pamoja na mtoto. Waambie madaktari lini alichanjwa pepopunda mara ya mwisho, kwa kuwa vidonda vya udongo ni mlango wake.

Hata jeraha linaloonekana dogo lipelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kisu cha mashine huingiza uchafu ndani kuliko jicho linavyoona.

Nyasi zisipokatwa Jumamosi hii zitakatwa Jumamosi ijayo. Barua ya mji hujibiwa, na faini hulipwa. Ukikosa mtu wa kukaa na watoto ndani, acha ufunguo uendelee kuning'inia mahali pake.